Saa ya shaba ya kuzamia: Oris Carl Brashear au Tudor? Nataka kulipa wiki hii

Mwambao88: Habari za jioni wanajamvi. Nina pesa ya saa moja na zimejitokeza mbili, zote za shaba. Kuna Oris Carl Brashear ya 2016, uso wa bluu, zilitoka 2,000 tu dunia nzima. Kuna Tudor Black Bay, nayo ya 2016, uso wa kahawia. Muuzaji anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nichukue ipi?

Baharia_Raskazone: Mkuu, bei hujataja. Mpya au za mkononi, yaani zilizokwisha tumika? Mkono wako mnene au mwembamba? Oris ni milimita 42, Tudor 43. Na unazamia kweli, au ni ya kuvaa ofisini?

FundiNgamiani: Na makaratasi yapo? Saa ya idadi maalumu bila boksi na cheti chake, siku ya kuuza utahangaika.

BintiChumbageni: Oris. Brashear, mzamiaji aliyepewa saa hiyo jina lake, alikatwa mguu wa kushoto baada ya ajali ya 1966 huko Hispania, wakiopoa bomu baharini. Akarudi kuzamia na mguu wa bandia, na 1970 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kufikia daraja la mzamiaji mkuu katika jeshi lao la majini. Babu yangu alizamia majongoo bahari hapa Tanga miaka mingi kwa pumzi zake tu. Hiyo saa naiona ya kwetu.

Baharia_Raskazone: Historia nzuri dada, lakini Oris inahimili maji ya mita 100, Tudor 200. Mashine ya Tudor ukiivua inatembea saa 70. Na kama ni kutafuta uchache, kuna Panerai ya shaba ya 2011: 1,000 tu, milimita 47. Hiyo ndiyo iliyowaamsha wakusanyaji.

MzeeWaForodhani: Wanangu, nawapa yaliyonikuta. Nilikuwa na saa ya shaba, nimeivaa miaka mitatu, naogelea nayo karibu kila Jumapili. Ilianza na rangi ya dhahabu, ikawa kama kahawa, halafu chumvi ikaleta ukijani kwenye meno ya ringi ya kuzunguka kioo na pale mkanda unaposhikia. Upande wa ndani wa mkono, unaogusana na meza, ukabaki mwekundu. Nikiitazama naiona miaka yangu. Nikaipeleka sevisi mjini, fundi simtaji. Kuifuata, naikuta inawaka kama sinia la harusi. Kaisugua kwa dawa ya vyombo vya shaba, akidhani ananifanyia hisani. Raba ya mfuniko kairudisha ileile ya zamani. Jumapili iliyofuata ukungu ukapanda ndani ya kioo, na mashine ikaota kutu. Mashine nilibadilisha. Ile rangi haijarudi mpaka leo.

FundiNgamiani: Pole sana mzee. Raba hubadilishwa kila mfuniko unapofunguliwa, na saa ipimwe kwa presha. Ila rangi itarudi, ipe bahari tu.

MzeeWaForodhani: Itakuja nyingine. Ile imekwenda.

BintiChumbageni: Si kila mtu anataka ukijani. Mimi ndimu na maji ya uvuguvugu, dakika chache, suuza vizuri.

Baharia_Raskazone: Ndimu kwenye saa ya mkusanyaji! Rangi ndiyo tunayoinunua, dada. Saa 2,000 zilitoka zinafanana, leo hakuna mbili zilizo sawa.

Mwambao88: Samahani, nilikuwa kazini. Zote za mkononi, Oris ina boksi. Je, shaba haichafui mkono?

FundiNgamiani: Zote mbili mfuniko wa nyuma ni chuma cha pua, ngozi haigusi shaba sana. Hiyo Oris rangi yake ikoje?

Mwambao88: Kwenye picha inang'aa kabisa, kama imetoka dukani.

MzeeWaForodhani: Ya 2016, ya mkononi, inang'aa? Muulize kaisugua nani, na nyuma kafungua nani.

KijanaWaPangani: Mimi sina saa, ila hizo mita 100 na 200 ndiko anakoishi silikanti wetu, yule samaki wa kale. Kwenye majarife, nyavu za papa, ya Tanga amenaswa mara ngapi! Hifadhi yake ilitangazwa 2009.

Baharia_Raskazone: Jarife la papa linategwa kina kirefu, kijana, ndiyo maana. Babu yangu alikuwa na moja.

BintiChumbageni: Bado wanatega?

Mwambao88: Nimemwandikia muuzaji kuhusu kusuguliwa. Ameusoma ujumbe, hajajibu.