Tupeane uzoefu: siku ya utamaduni bila haraka kule Yulara, jangwani Australia

Mkaazi wa Adelaide:
Ndugu wanajamvi, kila anayezuru katikati ya Australia hurudi na picha za mwamba wa Uluru ukibadilika rangi jua linapotua, lakini ni wachache wanaosimulia saa nyingine za siku, hasa zile za mchana ambazo joto la Desemba humzuia mtu kutembea. Mji mdogo wa Yulara, uliojengwa kwa ajili ya wageni na kufunguliwa mwaka 1984, uko kilomita 20 hivi kutoka mwambani, na hotelini huko huandaliwa vipindi vya utamaduni wa wenyeji wa asili. Mimi na mume wangu tuliacha ziara za basi kwa siku moja, tukashinda hapo hapo tukihama kutoka kivuli kimoja hadi kingine. Waliowahi kufanya hivyo naomba waeleze walichokiona na kama kiliwafaa.

Fundi Seremala:
Kazi yangu ni mbao, kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja kwenye kipindi cha zana za kuwindia. Tulionyeshwa mkuki mrefu, mwembamba, uliotokana na tawi la kichaka linalonyooshwa kwa kupashwa moto, kisha sehemu zake hufungwa kwa kano za kangaruu. Hata hivyo, kilichonishika zaidi ni miru, yaani kibao cha kurushia mkuki, kinachochongwa kwa mti wa mulga, ambao ni wa jamii moja na migunga yetu. Kwa kuwa kimebonyea katikati, huchanganyiwa rangi humo. Ukingo wake husuguliwa kwa nguvu kwenye gogo kavu mpaka moto upatikane. Na mwisho wa mpini hugandishwa kipande cha jiwe kikali kwa gundi itokanayo na nyasi za spinifeksi, kikawa kisu cha kukatia na kuchongea. Mtu anayetembea jangwani kutwa hana sababu ya kubeba zana nne ikiwa moja yatosha, na mimi nimewahi kuona masanduku ya vifaa yenye akili ndogo kuliko kibao hicho.

Tuliporuhusiwa kujaribu, mikuki yetu ilianguka karibu na miguu yetu. Bumerangi nazo, yaani fimbo bapa zilizopinda za kurusha, hazikurudi, wala hazikukusudiwa kurudi, kwa maana zile za kuwindia za nchi hii ya kati hurushwa ili zimpige mnyama.

Mtoka Bukavu:
Mimi nilipenda kipindi cha vyakula vya porini. Mama aliyetufundisha alieleza jinsi mbegu za migunga zinavyokaangwa na kusagwa, akatupa biskuti zilizotiwa unga huo, ambao una ladha inayokaribia kahawa. Alipozungumzia maku, mabuu meupe yanayochimbuliwa kwenye mizizi ya kichaka, wageni wengi walikunja nyuso. Mimi nilimwuliza kama yanachomwa au yanaliwa mabichi, kwa sababu kwetu Kongo mabuu ya michikichi ni kitoweo cha heshima. Alicheka akanijibu kwamba huliwa kwa namna zote mbili, lakini yakipitishwa kwenye majivu ya moto huwa matamu zaidi. Baada ya hapo tulizungumza kama majirani, na wenzangu wakabaki kusikiliza.

Mama Wawili:
Wanangu walikuwa wamechoka na bwawa la kuogelea, nikawapeleka kwenye somo la uchoraji. Msanii, mama wa Kianangu, yaani wa wenyeji wa asili wa eneo la Uluru, alianza kwa kuchora mchangani kwa kidole huku akizungumza Kipitjantjatjara na mkalimani akitafsiri. Umbo la nusu duara humaanisha mtu aliyeketi, kwa kuwa ndiyo alama anayoiacha mchangani. Fimbo ya kuchimbia ikiwekwa pembeni, huyo ni mwanamke, na mkuki ukiwekwa, huyo ni mwanamume. Duara zilizo ndani ya duara zaweza kuwa kisima au kambi. Kuchora alama hizi kwa rangi za kisasa kwenye turubai kulishika kasi kuanzia mwaka 1971 katika kijiji cha Papunya, ilhali alama zenyewe ni za kale mno.

Binti yangu alimwuliza msanii mchoro wake mwenyewe ulisimulia nini. Alielezwa sehemu tu, na iliyobaki haikufunguliwa, kwa sababu maarifa ya Tjukurpa, ambayo ndiyo sheria na asili ya vyote kwa Waanangu, hutolewa kwa kadiri ya mtu na hatua yake. Nililipenda jibu hilo kuliko mchoro.

Msomaji wa Mombasa:
Samahani, dada, lakini nina shaka. Mimi nilipopita huko nilifundishwa kupuliza didijeridu, ambayo ni ala ya muziki ya watu wa kaskazini, na kijana aliyetufundisha alitoka Queensland, jimbo jingine la mashariki. Je, nilionyeshwa utamaduni wa nani?

Fundi Seremala:
Swali lako ni la haki, kaka, lakini mwongozaji wetu alitangulia kusema kwamba yeye si wa jamii ya Waanangu na kwamba didijeridu si ya hapo. Anayetaka sauti ya wenyeji wenyewe na aende kwenye kituo cha utamaduni kilicho ndani ya hifadhi ya Uluru. Waanangu walirudishiwa ardhi hiyo tarehe 26 Oktoba 1985, wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99, na tarehe kama hiyo mwaka 2019 kupanda mwamba kukapigwa marufuku. Vipindi vya hotelini navichukulia kuwa ni utangulizi, na kwa kiwango hicho vinafaa.

Msomaji wa Mombasa:
Nimekuelewa. Ningependa hoteli iyaseme hayo kwenye ratiba yake, asisubiriwe kijana muungwana wa kuyasema.

Mkaazi wa Adelaide:
Nakubaliana nawe. Kwa wanaopanga kwenda Julai, mpango ubadilike: usiku baridi huweza kushuka chini ya sifuri, ilhali mchana ni wa kupendeza, hivyo mchana utumike kuzunguka mwamba kwa miguu, karibu kilomita 10, na uchoraji uachwe kwa siku ya kupumzisha magoti.