Familia ya Chwele: Kukhu na maji ya Sipi

*Jumapili*

18:42 Nafula: Mulembe nyote. Nimefika Kisumu salama. Tulikuwa kwenye maporomoko ya Sipi na wenzangu watatu wa kazini, siku mbili, tukalala usiku mmoja. Miguu imevimba lakini nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Naandika kwa sababu nataka Januari twende sisi kama familia, na Kukhu, nyanya yetu, awe mbele.

18:44 Wekesa: Pole na safari dada. Sipi ya Uganda? Kukhu ana miaka 78 na lile goti lake. Si tumpeleke Nabuyole, hapo Webuye tu? Anashuka garini, anaona mto Nzoia ukimwagika, jioni yuko kwake.

18:45 Juma: Shangazi tuma picha 🙏

18:57 Nafula: Nabuyole naipenda, Wekesa. Ndiko Baba alikotupeleka tukiwa wadogo akatuambia zamani paliitwa Broderick. Sipadharau hata kidogo. Lakini Sipi ni kitu kingine. Ni mto mmoja unaoanguka mara tatu ukishuka mlima, huu huu mlima wetu wa Elgon, ila upande wa pili. Poromoko la chini ndilo refu kuliko yote, kama mita 100. Ukiwa chini yake husikii anayeongea kando yako, mnaonyeshana kwa mikono. La katikati lina pango nyuma yake. Mwongozaji alitupitisha humo, ukuta wa mwamba mgongoni, maji mbele kama pazia, na kupitia hilo pazia unaona migomba ya watu imekuwa kijani kibichi kinachotetemeka. Nilisimama hapo mpaka wenzangu wakaniita.

18:58 Nafula: [picha] [picha] [picha]

18:59 Juma: 😮😮

19:03 Baba Mdogo Masika: Asante Mungu umerudi salama. Mimi naogopa ule mlima upande ule. Novemba 2024 udongo uliporomoka Bulambuli ukafunika nyumba na watu ndani. Bududa vilevile, Machi 2010. Bulambuli na Kapchorwa, iliko Sipi, si wamepakana?

19:09 Nafula: Wamepakana, Baba. Na hofu yako ni ya haki, hata mwenyeji wetu hakutuficha. Alituonyesha kwa mbali kovu kwenye mteremko, jekundu, hakuna mti. Akasema mvua ikinyesha siku mfululizo yeye hampeleki mtu kwenye njia za chini hata alipwe nini. Ndiyo maana nasema Januari, wakati wa kiangazi. Desemba mwishoni ikiwa bado inanyesha tunaahirisha, hatubishani.

19:10 Baba Mdogo Masika: Hapo sawa.

19:12 Wekesa: Na gharama? Mimi ndiye nitakayeendesha, kwa hivyo niambiwe mapema 😊

19:26 Nafula: Nitakwambia yote, hata lililoniuma. Siku ya kwanza tulishuka kwenye gari kando ya barabara, kijana mmoja akatukimbilia, akasema yeye ndiye wa kutuongoza na bei yake ni ya kila kitu. Tukampa shilingi elfu 40 za huko. Tumeteremka kidogo, tunakuta mzee ameketi kwenye jiwe: "Mnapita shambani kwangu, mmelipa nani?" Tukalipa. Mbele kidogo mama mwingine, shamba lake, naye anadai. Yule kijana anaangalia pembeni. Kufika kwenye ngazi ya kushukia akasema hapo hapajui vizuri, tungoje rafiki yake. Tulirudi juu bila kuona maji, na jua linazama. Nililala na hasira.

Asubuhi mwenye nyumba tuliyolala akatuitia jirani yake, mtu wa makamo, amezaliwa pale pale. Kabla ya hatua ya kwanza alituketisha akatuhesabia: hii ni yangu, hii ni ya wenye mashamba tutakayopita, hii ni ya mama wa kahawa. Njia nzima hakuna aliyetusimamisha. Watu walikuwa wanamsalimia yeye, halafu sisi. Yule mzee wa jiwe tulimkuta tena, akatupa machungwa.

Kwa hivyo Wekesa, gharama ni hii: tusitafute wa bei ya chini barabarani. Tumchukue mtu wa kijiji ambaye wenye mashamba wanamjua, na tukubaliane yote tukiwa bado tumeketi. Pesa tubadilishe Malaba kwa duka lenye kibali, si kwa wale wa dirishani kwa gari. Shilingi yetu moja inapata zaidi ya 20 za kwao, usishtuke ukisikia maelfu.

19:28 Wekesa: Hapo nimekuelewa. Pole kwa siku ya kwanza.

19:31 Chemtai: Wifi, umenifurahisha kuniletea habari za kwetu. Huko ni Wasabiny, na lugha yao na ya sisi wa Kapsokwony, upande huu wa Kenya, tunasikizana vizuri. Nyanya yangu alikuwa na dada aliyeolewa Kapchorwa, wakitembeleana kwa miguu kupitia msituni. Mpaka waliukuta baadaye.

19:33 Chemtai: Na hilo jina la Sipi linatoka kwa mmea, sep. Unafanana na mgomba lakini hauzai ndizi za kula, unaota kando ya mto. Uliuona?

19:35 Nafula: Niliuona! Majani mapana, mshipa wa katikati mwekundu. Nilidhani ni mgomba uliokosa mbolea, mwongozaji akanisahihisha.

19:36 Juma: Mama kwa nini hujawahi kuniambia tuna watu Kapchorwa?? Ndiko kwa Cheptegei. Dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024. Na Kiprotich aliyeshinda marathoni London 2012. Mimi naenda hata kwa miguu

19:38 Chemtai: Utaenda kwa gari. Na vitabu utabeba.

*Jumatatu*

06:15 Senge Nanjala: Nimeamka. Nimemsomea Kukhu yote tangu mwanzo, amesikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Anauliza: hiyo maji itamwongezea nini mtu wa umri wake? Mto anao, Kuywa iko hapo chini.

06:40 Nafula: Senge, shangazi yangu, mwambie maji si ya kwake, maji ni ya kina Juma. Yeye namtaka kwa mama wa kahawa. Jana sikufika hapo, niliogopa ujumbe utakuwa mrefu. Leo niko kwenye matatu naelekea kazini, nitaandika polepole, umsomee.

07:02 Nafula: Kukhu, nyumba iko karibu na barabara, hakuna kushuka. Nje kuna mibuni imepandwa chini ya migomba, kama ulivyokuwa umepanda wewe nyuma ya jiko kabla ya kung'oa. Mama mwenyewe anakukaribia kwa umri. Alituchumisha matunda mekundu tu, ya kijani ukiigusa anakupiga mkono. Tukayamenya ganda, zikatoka mbegu mbili zinateleza, unaweza kuzilamba ni tamu. Hizo zinalazwa kwenye maji, zinaoshwa, zinaanikwa siku nyingi, basi yeye alikuwa na zilizokwisha kauka. Akazitia kwenye kinu. Kinu cha mti, kimeliwa ndani mpaka kimekuwa laini kama shavu. Tukatwanga kwa zamu, michi miwili, yeye anaimba kidogo kutupa mwendo. Ngozi ile nyembamba ikatoka, akapepeta kwa ungo, makapi yakaruka mpaka kwa kuku.

Halafu mafiga matatu, kuni, sufuria nyeusi isiyo na kifuniko. Hakuondoka hapo. Anakoroga kwa kijiti, anakoroga, mbegu zinageuka manjano, halafu rangi ya udongo, halafu zikaanza kupasuka pa, pa, pa kama bisi. Alikuwa hatazami sufuria, anasikiliza. Zilipopasuka kiasi chake akaepua, akasema ukingoja nyingine umechoma. Zikarudi kwenye kinu, zikawa unga, zikaingia kwenye maji yanayochemka. Moshi wa kuni uko ndani ya kikombe.

Nikainywa, nikakukumbuka wewe. Miaka yote uliyobeba debe la kahawa kichwani mpaka kiwanda cha ushirika, ada zetu za shule zikatoka humo, na mimi sikuwahi kukuona umekunywa kikombe kimoja cha kahawa yako. Sikuwahi hata kujiuliza. Nilimwambia yule mama habari zako, naye akasema: "Mlete."

07:04 Nasimiyu: Nafula unaniliza niko zamu 😭

07:20 Baba Mdogo Masika: Ni kweli kabisa. Sisi tulijua kahawa ni ya kupeleka. Ndani ya nyumba ilikuwa majani ya chai.

07:48 Senge Nanjala: Nimemsomea. Amenyamaza. Ameniomba nisome tena pale pa kusikiliza sufuria.

12:50 Nasimiyu: Nimepumzika kidogo, nizungumze kama nesi. Uganda wanataka kadi ya homa ya manjano. Ambaye hana akadungwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, chanjo moja inatosha maisha yote, kwa hivyo walio na kadi za zamani tafuteni tu mlikozificha. LAKINI Kukhu na Baba Mdogo, waliovuka miaka 60 hawadungwi hivi hivi. Daktari awaone kwanza. Akiona chanjo si salama kwa mwili wao anaandika barua rasmi ya msamaha. Tusifanye haraka kwa hili.

12:52 Wekesa: Na vitambulisho?

12:55 Nasimiyu: Kitambulisho cha taifa kinatosha kwa watu wazima, tangu 2014. Juma na wenzake ambao hawajafika umri, wabebe cheti cha kuzaliwa na wapate hati ya muda ya kusafiria. Shemeji Chemtai shughulikia mapema.

13:10 Nafula: Njia niliyofikiria: Chwele, Bungoma, Malaba, Tororo, Mbale. Tule Mbale, tunyooshe miguu. Halafu Sironko, na baada ya hapo barabara inapanda kwa mizunguko, lami nzuri. Ukigeuka nyuma unaona tambarare ya Teso hadi macho yanachoka. Jioni tufike Sipi. Asubuhi vijana washuke kwenye maji na mwongozaji, ni nusu siku kwa yote matatu. Kukhu na Senge wabaki kwa mama wa kahawa. Lile la chini atalionea juu, kuna mahali pa kuketi kando ya barabara linaonekana lote. Aje na sweta, usiku ni baridi.

13:14 Chemtai: Mimi sitashuka kwenye maji, mnisamehe. Nitakaa nao niwatafsirie. Kukhu hajui Kisabiny na yule mama sidhani anajua Kibukusu.

13:15 Nafula: Wifi ❤️ Kiswahili anajua kidogo tu. Nilikuwa natafuta jinsi ya kukuomba.

13:21 Baba Mdogo Masika: Mbale hatakuwa na shida ya lugha. Wale ni Bamasaba, ndugu zetu sisi Wabukusu. Wanatahiri mwaka unaogawanyika kwa mbili kama sisi. Ukisema mulembe unajibiwa. Marehemu baba alikuwa akienda kununua ng'ombe huko na anarudi na malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yanapikwa na karanga. Mama aliyapenda sana. Sijayaona mezani tangu baba afariki.

13:22 Wekesa: Basi tule malewa Mbale. Nitaomba likizo tarehe 9 hadi 12 Januari. Nitaazima gari la viti 14, mafuta tugawane.

13:23 Juma: Mimi nakaa mbele

13:23 Wekesa: Mbele anakaa Kukhu.

*Jumamosi*

16:05 Nafula: Senge, kile kifurushi nilichotuma na matatu ya jana kimefika? Ni ile kahawa, robo kilo, haijakaangwa.

16:30 Senge Nanjala: Kimefika. Hakutaka nitumie kikaangio changu, ameitisha ile sufuria ya zamani iliyovunjika mpini. Ameketi kwenye kigoda mwenyewe, amenifukuza jikoni kwa sababu nilikuwa naongea na yeye anataka kusikia. Nimesimama mlangoni.

16:31 Senge Nanjala: [sauti 0:19]

16:33 Nasimiyu: Nimesikia ikipasuka!! Pa, pa!

16:34 Baba Mdogo Masika: Hiyo ni sauti ya mama anahesabu?

16:41 Senge Nanjala: Ndiyo, alikuwa anahesabu. Imeungua kidogo upande mmoja, amesema moto ulikuwa mkali na kuni ni mbichi, kosa ni langu. Amekunywa vikombe viwili bila sukari. Cha pili amekipeleka nje, amekinywa akiwa amesimama pale mibuni ilipokuwa.

16:42 Nafula: Amesema nini Senge?

17:10 Senge Nanjala: Hajasema la kahawa. Ameuliza kama huyo daktari wa Nasimiyu anafanya kazi Jumatatu. Saa moja asubuhi atakuwa amevaa, mtu amtafutie bodaboda ya mwendo wa pole.