Wasifu wa jajja (bibi yetu): mwaka wa kuzaliwa una utata, mkeka aliuacha nusu, na shangazi hawataki ugonjwa utajwe

Mjukuu_Kalungu
Habari zenu wakubwa. Jajja tulimzika mwaka jana, sasa ukoo umepanga okwabya olumbe (sherehe ya kuhitimisha msiba na kumsimika mrithi) na kazi ya kuandika wasifu imeniangukia mimi. Utasomwa kwa Kiganda na Kiswahili maana wakwe wengi wanatoka Bukoba. Kitambulisho kinasema 1 Januari 1940, wazee wakiisikia wanacheka. Alikuwa msukaji wa mikeka ya ukindu hadi kiharusi kilipomshika mkono wa kulia na ulimi, akaugua miaka tisa. Shangazi wawili wanataka ugonjwa urukwe kabisa. Na mkeka wake wa mwisho tunataka uonekane siku hiyo: mmoja anasema uoshwe, mwingine anasema umaliziwe. Naombeni ushauri.

Karani_Mstaafu
Pole sana. 1 Januari kwenye kitambulisho cha mzee kwa kawaida maana yake ni kwamba siku haikujulikana, ikajazwa tu. Wala usije ukaichukua NIN (namba ya kitambulisho cha taifa cha Uganda) kama ushahidi wa pili: zile tarakimu mbili baada ya CF ni mwaka uleule uliotajwa siku ya kujiandikisha.

Kama alibatizwa Mkatoliki, nenda parokiani ukaombe daftari la ubatizo. Utapata tarehe ya ubatizo, wazazi na msimamizi, na mara nyingi ndoa imeandikwa pembeni mwa jina lilelile. Ukitafuta kwa jina la ndoa hutampata, tumia jina la usichana.

Wazee usiwaulize "alizaliwa lini". Waulize alikuwa wa kimo gani Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, alipopelekwa uhamishoni tarehe 30 Novemba 1953, na kama tayari alikuwa na mtoto mgongoni Kabaka aliporudi Oktoba 1955. Wakisema alikuwa naye, ile 1940 inamfanya mama wa miaka 15. Linganisha na umri wa mtoto wa kwanza. Kwa matukio ya baadaye tumia uhuru wa Uganda, 9 Oktoba 1962, na kufukuzwa kwa Waasia 1972. Mwisho andika "alizaliwa kati ya 1936 na 1938", au miaka yoyote utakayoifikia. Tarehe ya kubuni itachongwa kaburini na hapo haitoki tena.

Ssenga_Mpigi
Kabla ya tarehe kuna ukoo. Jajja alibaki wa kika (ukoo) cha baba yake hata baada ya kuolewa, kwa hiyo anza na kika, muziro (mwiko wa ukoo), ssiga na mutuba (matawi ya ukoo) vya kwao, halafu kika cha mama yake, ndipo uje kwa mume. Ukianza na kika cha mume, watu wa kwao watanuna hapohapo chini ya turubai. Na usiandike kwamba mrithi ni binti yake. Binti ni wa kika cha baba yake. Mrithi wa mwanamke hutoka kika chake mwenyewe, aghalabu binti wa kaka yake. Jina liache wazi mpaka kika kilitoe.

Muuguzi_wa_Zamu
Kuhusu kiharusi, nawaelewa shangazi, ila miaka tisa haifichiki. Wageni wote walimwona. Mwombe anayetunza vitu vyake yale madaftari ya shule aliyokuwa akienda nayo kliniki. Tarehe za matibabu zimo, zitakupangia miaka vizuri kuliko kumbukumbu za watu. Kwenye wasifu toa mwaka kilipomshika, kilichobadilika, waliomhudumia, basi. Robo ya maandishi inatosha. Dawa, vidonda vya mgongo, nepi na ugomvi wa gharama haviingii.

Kuna sentensi moja ya kuchunga. Kulia kukipooza pamoja na usemi, kilichoumia ni upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko maneno yanakotengenezwa. Wengi wa namna hiyo wanaelewa wanachoambiwa kuliko wanavyoweza kujibu. Kwa hiyo "alipoteza akili" huenda ni uongo. Andika "maneno yalimgomea". Halafu waulize waliomhudumia alikuwa akikataa chai kwa ishara gani, akitaka redio alifanyaje. Hayo ndiyo wajukuu wadogo watakayomtambulia.

Nakala mpe kila shangazi asome kabla haijachapwa.

Fundi_Kili
Mkeka usioshwe! Ukindu ukilowa huvimba, ukikauka hujikunja, na rangi ya unga ya sokoni inachuruzika hadi kwenye majani meupe. Chukua brashi laini mpya ya kupakia rangi, piga vumbi kufuata mwelekeo wa msuko, pande zote mbili, nje kwenye kivuli.

Ukiona vitundu na unga mpya chini yake, wadudu bado wamo. Funga mkeka kwenye nailoni nzito, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika hadi barafu iyeyuke, hesabu inaanza upya. Ukiutoa usifungue nailoni kwa siku nzima, la sivyo unyevu wa hewa utatua kwenye majani.

Na usimaliziwe. Mkono mwingine unavuta kwa nguvu tofauti, mstari utaonekana ng'ambo ya chumba. Ule ukili (utepe wa majani yaliyosukwa) uliobaki wazi ufunge kwa uzi mweupe wa pamba, sentimita mbili hivi kutoka mwisho wa msuko, na yale majani yanayoning'inia usiyakate, hapo ndipo mtu anaona alivyokuwa akiongeza jani. Anayetaka kujifunza nakshi apige picha karibu, rula ikiwa pembeni, ahesabu majani ya ukili mmoja, asuke kipande chake kando.

Siku ya sherehe ulazwe mezani, usipigiliwe misumari wala kuachwa juani. Baadaye uviringishwe kwenye bomba la inchi nne lililofunikwa shuka safi ya pamba, nakshi ikitazama nje. Mkeka wa zamani ukikunjwa kama blanketi hukatika kwenye mkunjo.

Mjukuu_Kalungu
Asanteni sana. Swali la mwisho: uwe na urefu gani?

Karani_Mstaafu
Maneno 400 kwa kila lugha. Kwenye spika, msomaji asiyekimbia huenda maneno 100 hivi kwa dakika, kwa hiyo lugha mbili ni dakika nane. Chapa kwa herufi kubwa, ukurasa usikatike katikati ya sentensi, na majina ya wakwe wa Bukoba myapitie na msomaji jana yake.