Mtoto kaandika Zinjanthropus, kakoseshwa. Jina sahihi ni lipi?

MamaDagaa_Kirumba: Habari za jioni wakuu. Binti yangu kaleta karatasi ya jaribio la historia. Waliulizwa fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu lililopatikana Oldupai mwaka 1959 linaitwaje, akaandika Zinjanthropus. Limepigwa mstari mwekundu hadi karatasi imetoboka, pembeni "jina la zamani", alama mbili zimekwenda. Jina hilo nilimfundisha mimi, kutoka daftari langu la darasa la sita nililolitunza tangu Sengerema. Imeniuma sana. Sisi Wazinza tulikua tukiamini limetokana na kabila letu! Nani kalibadilisha, na kwa nini?

Dereva_Ndabaka: Pole dada. Napeleka wageni Oldupai kila msimu. Fuvu aliliona mtafiti Mary Leakey tarehe 17 Julai, mumewe Louis yuko kambini anaumwa. Louis ndiye aliyeliita Zinjanthropus boisei. "Zinj" ni jina la Waarabu wa kale kwa pwani yetu ya Afrika Mashariki, si Wazinza. Boisei ni kwa heshima ya Charles Boise, aliyetoa fedha za uchimbaji.

Mwl_Nyegezi: Jina la kisayansi lina sehemu mbili: la kwanza la ukoo, la pili la kiumbe mwenyewe. Watafiti walilinganisha fuvu letu na yale ya Afrika Kusini: magego mapana mno, na utosini tuta la mfupa lililoshika misuli ya taya. Wakaona ni ukoo mmoja na Paranthropus, jina alilolitoa mtafiti Robert Broom mwaka 1938. Kanuni ni kwamba koo zikiunganishwa, jina lililotangulia ndilo linabaki. Kwa hiyo leo ni Paranthropus boisei, ingawa wapo wanaosema Australopithecus boisei. "Boisei" haijaguswa. Mimi ningeandika jina jipya pembeni na alama ningempa, maana fuvu kalijua.

Mvuvi_Mbita: Hata huku ng'ambo. Fuvu la kisiwa cha Rusinga, Kenya, la mwaka 1948, hilo nalo alilipata Mary Leakey, tumekua tukiliita Proconsul. Tangu 2015 limewekwa kwenye ukoo mpya, Ekembo. Mdomo wangu bado haujazoea.

MamaDagaa_Kirumba: Asanteni mno. Nimeandika Paranthropus boisei kwenye daftari, juu ya lile la zamani, sikulifuta. Kesho nikishaanua dagaa naenda shuleni na karatasi. Mwalimu, huyo Broom ni 1938, sivyo? Nataka nikautaje bila kubabaika.

Mwl_Nyegezi: 1938, mama.