Gumzo la Ukoo wa Nkwarungo: begi la Elisante

Upendo: Jamani, tuko uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, tangu saa nne. Ndege imeshatua, watu wanatoka, Elisante hatumwoni.

Mama Mdogo: Si alisema anafika jana?

Upendo: Shikamoo mama mdogo. Ya Frankfurt ilichelewa kuondoka, akaikosa ya kuunganisha. Wakamlaza hotelini.

Baba Neema: Kwa pesa ya nani?

Upendo: Ya shirika, kaka.

Baba Neema: Hapo sawa.

Elisante: Nimefika salama, pasi imegongwa muhuri. Niko kwenye mkanda wa mizigo. Kuna begi la kijani la mtu linazunguka peke yake mpaka tumezoeana. Langu halipo.

Mama Mdogo: Mae! Na suti ya Brayani ya kipaimara?

Elisante: Shikamoo mama mdogo. Imo humo humo.

Mama Mdogo: Marahaba. Na viatu vyangu?

Elisante: Navyo.

Godi: Shemeji USITOKE NJE! Andikisha kwanza, dirisha la mizigo liko humo humo ndani. Wageni wangu wa mlima yanawakuta haya kila msimu. Anayetoka kwanza akidhani atapiga simu kesho, ndiye anayehangaika.

Elisante: Nipo kwenye foleni. Hata haisogei.

Godi: Tafuta kile kistika walichokupa ulipokabidhi begi, chenye mistari na namba ya tarakimu kumi. Mara nyingi wanakibandika nyuma ya kadi ya kupandia ndege. Soma herufi tatu kubwa.

Elisante: JRO.

Godi: Safi, hiyo ndiyo KIA. Ingekuwa herufi za mji wa katikati, begi lingekuwa linakusubiri huko. Inaelekea walipokubadilishia ndege walikuhamisha wewe, begi likabaki nyuma. Hayo hupatikana. Wakuandikie ripoti, wenyewe wanaiita PIR. Namba yake ni JRO, herufi mbili za shirika, halafu tarakimu tano. Ndiyo utakayofuatilia nayo mtandaoni. Usikubali kuondoka na "tutakupigia".

Elisante: Ananiuliza begi la namna gani. Nimemwambia jeusi. Amecheka.

Godi: Yote meusi hayo 😂 Mwambie ukubwa, magurudumu, na kitu gani kipo juu kabisa ukilifungua.

Upendo: Mwambie lina kitambaa cha kitenge cha njano kwenye mpini. Mimi ndiye nilikifunga, ukasema nakutia aibu.

Elisante: Sasa anataka anwani ya kuletea mzigo.

Baba Neema: Machame Nkwarungo, ukishapita kanisani uliza kwa mzee.

Upendo: Kaka! Elisante, weka namba yangu ya simu. Hiyo laini yako ya Ujerumani dereva hatahangaika nayo.

Mama Mdogo: Na Jumapili mtoto anavaa nini mbele ya usharika mzima?

Godi: Hilo ni letu, mama. Ila Elisante mwenyewe anunue vya lazima, shati, nguo za ndani, mswaki, na ATUNZE RISITI. Upo Mkataba wa Montreal wa 1999, na Tanzania tumo. Mzigo ukichelewa shirika linawajibika, kikomo ni SDR 1,519 kwa abiria, hicho ni kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni kama dola 2,000.

Baba Neema: Basi anunue suti tatu.

Godi: Shemeji, hicho ni kikomo tu. Wanarudisha hasara unayoweza kuithibitisha, na hapo hapo watabishana na wewe. Likipita siku 21 bila kuonekana, una haki ya kudai kama limepotea. Likija, una siku 21 za kuandika malalamiko ya kucheleweshwa. Likija limevunjika ni siku 7 tu. Na uandike, maneno ya mdomo hayahesabiki.

Neema: Shikamooni wote. Baba mdogo, tiketi ilikuwa moja mpaka KIA? Na walisema ndege ilichelewa kwa nini?

Elisante: Marahaba. Moja. Walitangaza hitilafu ya mtambo.

Neema: Basi kuna pesa nyingine, mbali na ya begi. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004 inamlinda anayeanzia uwanja wa Ulaya, hata shirika likiwa si la huko. Safari ya zaidi ya kilomita 3,500, na wewe umechelewa siku nzima: euro 600. Ingekuwa theluji wasingelipa, ila hitilafu ya kawaida ya ndege haiwaokoi. Dai mwenyewe kwa shirika, usiwape wale mawakala wa mtandaoni, wanakata fungu nono.

Baba Neema: Huyu mtoto ada yake imerudi leo.

Mama Mdogo: Euro 600 ni ndafu ngapi?

Upendo: Mama mdogo 😂 Suti msiwaze. Kesho asubuhi naingia soko la Memorial, Moshi, mitumba ya pale sikosi ya saizi yake. Fundi atapunguza mikono.

Mama Mdogo: Chagua nyeusi, siyo ile rangi ya maziwa ya mwaka juzi.

Elisante: Nimepata namba ya ripoti, nimeipiga picha, naituma hapa isipotee. Natoka. Mko upande gani?

Upendo: Ukitoka tazama kulia, Noah nyeupe. Njoo upesi, watoto wameshamaliza ndizi zote za njiani.