Mrejesho: Daraja la dhahabu limepatikana

Wakuu, niliwauliza kama maili (pointi za mashirika ya ndege) ninazopata kwa kadi ya benki zingenifikisha daraja la dhahabu la wasafiri wa mara kwa mara. Mliosema hapana mlipatia: kwenye mpango wangu wa pointi za ndege, hizo hukupa tiketi za zawadi tu, zinazopandisha daraja ni za kuruka.

Aliyenishauri kuangalia herufi ya tiketi (inayoonyesha aina ya nauli) kabla ya kulipa, Mungu akubariki. Ile ya bei poa niliyoikodolea macho ingenipa robo tu ya maili za umbali wa safari! Nikaongeza hela kidogo, nikaruka na shirika mwenza, maili zikaingia.

Sasa kadi yangu ya usafiri inasoma Star Alliance Gold, yaani dhahabu ya muungano wa mashirika ya ndege wa Star Alliance. Kilo 20 za ziada za mizigo ndizo nilizozitaka. Sebule ya uwanja wa ndege ni mbwembwe, ingawa sitaikataa.