Naomba ushauri: shifta ya gia haidaki, grisi imeganda ndani

Habari zenu wakuu. Baiskeli yangu ya gia 21 ilikaa muda mrefu bila kuendeshwa, na sasa shifta ya kulia (kile kifaa cha kubadilishia gia kwenye usukani) inagoma. Nikisukuma kwa kidole gumba inazama tu bila kudaka, ule mlio wa "tik" hausikiki na mnyororo unabaki palepale. Nikirudiarudia, mara mojamoja inashika. Ya kushoto haina shida.

Waya nimeuchomoa nikauvuta kwa mkono, unateleza vizuri, kwa hiyo tatizo liko ndani ya shifta yenyewe. Nikimulika kwa tochi kwenye tundu la waya naona grisi ya zamani imekauka, ya kahawia, ngumu kama nta. Nadhani ndiyo inayozuia vile vijino visirudi kwenye meno yake.

Kuifungua yote naogopa, maana springi za mle zikiruka kuzirudisha ni kazi kubwa. Je, nipulizie WD-40 (ile dawa ya kopo ya kulegeza vyuma vilivyokwama) mpaka uchafu utoke, halafu niweke oili nyepesi? Au lazima grisi mpya? Na mafuta ya taa hayawezi kudhuru plastiki? Aliyewahi kuifufua shifta ya namna hii anielekeze tafadhali, baiskeli hii naipenda sana.